Sukari ya mama asubuhi iko juu, kaka anataka tuongeze tena sindano ya usiku

Shikamoo dada. Naomba unisaidie maana hapa nyumbani tumeshagawanyika na mi ndo niko katikati. Mama yangu ana miaka 63, kisukari anacho muda mrefu, alianza na vidonge tu baadae daktari akamuongezea sindano ya usiku, ile insulini ya maziwa, na kwenye kadi imeandikwa yuniti 16. Vidonge anaendelea navyo, metfomini na vile vidogo vya glibenklamaidi asubuhi na jioni. Tunakaa Mbagala, mi niko dukani Kariakoo nauza vitambaa, na mimi ndo namchoma kwasababu macho yake hayaoni ile mistari ya bomba. Sasa muda hauko sawa kabisa, nikiwahi kurudi namchoma saa kumi na mbili na nusu, foleni ikinikamata barabara ya Kilwa inafika saa nne na yeye ashakula zamani.

Shida yetu ni asubuhi. Tukimpima kabla ya chai mashine inasoma 14, 15, siku nyingine 17. Stripu bei juu kwaiyo tunapima asubuhi tu na sio kila siku. Kaka yangu mkubwa akasema dozi ni ndogo, tukapandisha 18, tukaenda 20, saivi tupo 24 na asubuhi bado ni 15, isipokua siku moja tu iliyosoma 4.6, kaka alifurahi sana akasema unaona dawa imeanza kukubali. Sasa anataka tufike 30. Mama mwenyewe hataki, anasema sindano inamchosha, anaamka kichwa kinamgonga na mwili umelegea, mpaka saa nne asubuhi ndo anakua sawa.

Halafu kuna kingine sijui hata kama kinahusiana. Mwanangu wa miaka 9 analala na bibi yake, kaniambia bibi usiku anaongea ongea na ukimshika mgongo umelowa. Na kweli ile kanga anayojifunika asubuhi naikuta mbichi, na foronya pia, mi nikasema ni joto la Dar tu, umeme ukikatika feni ndo basi tena. Jirani anasema hilo ni jinamizi tumuite shehe amsomee. Na mama ameanza kuamka usiku kwenda jikoni, asubuhi tunakuta maandazi ya watoto ya shule yamepungua na soda imebaki nusu, ukimuuliza anakua mkali anasema kwani nimeiba. Kaka akasema ndo maana sukari haishuki, mama hajizuii kula. Hapo walikosana hawakuongea siku mbili.

Dada mi naogopa. Tuongeze au tusiongeze? Na ni kweli sukari ikiwa juu asubuhi maana yake dawa ya usiku haitoshi? Dawa naitikisa vizuri kabla ya kuvuta, na namchoma paja la kulia sehemu ile ile ambayo anasema haimuumi, pameota kinundu kidogo ila anasema hapo ndo pazuri. Nisaidie jamani.

Binti wa Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la usiku wa leo maelezo yatafuata: msiongeze. Leo rudini kwenye yuniti 16 za kwenye kadi, na kesho asubuhi piga simu kliniki anakohudhuria mama au mchukue uende naye kabisa, msisubiri tarehe ya kadi. Kile kidonge cha jioni cha glibenklamaidi, kama una namba ya nesi au daktari wake muulize leo leo kabla hujampa. Na msije mkaacha sindano moja kwa moja kwa sababu ya woga, kuacha nako kunampeleka pabaya kwa njia nyingine. Kabla hajalala mpime, ikisoma chini ya 6 apate kitu kidogo, kipande cha mkate au kikombe cha uji, ndo alale. Na kwa siku hizi chache wewe ndo ulale chumba cha mama, mtoto wa miaka 9 asiachiwe mzigo huo.

Sasa nikuambie kwanini. Umeandika barua ndefu kuhusu namba za asubuhi, halafu mwishoni ukasema kuna kingine hujui kama kinahusiana. Mdogo wangu hicho kingine ndo chenyewe. Jasho la kulowesha kanga, kuongea usingizini, ndoto za kutisha, kuamka kichwa kinagonga na mwili hauna nguvu, hizo zote ni dalili za sukari kushuka usiku mtu akiwa amelala. Joto la Dar nalijua, ila joto linatulowesha wote nyumbani, na haliji na maumivu ya kichwa ya kila asubuhi. Na ile safari ya jikoni ndo imenifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Sukari ikishuka mwili unadai, mtu anaamka anatetemeka, moyo unamwenda mbio, ana njaa isiyo ya kawaida na akili haijatulia, hata kueleza hawezi, anaona soda anakunywa, anaona andazi anakula. Mama hajakosa adabu ya kula, ameamka akajiokoa, tena gizani peke yake, asubuhi akasutwa. Naomba kaka yako alisikie hili kwa utaratibu, na akishalielewa aende kwa mama amuombe radhi, yule ni mzazi na ameumia.

Umeuliza kama 15 ya asubuhi maana yake dawa ya usiku haitoshi. Hapana, sio lazima. Ile namba inakuambia sukari imeamkia wapi, haikuambii usiku ilipita wapi. Kuna mama mwingine analala na 16, saa tisa usiku ana 15, asubuhi ana 15, huyo kweli ama chakula cha usiku ni kingi ama dozi ni ndogo. Kuna mwingine analala vizuri na 8, saa tisa ana 7, asubuhi ana 13, na huyo hajala kitu, ni mwili wake wenyewe, kuelekea alfajiri homoni zinaamka na ini linaachia sukari kwenye damu ili mtu apate nguvu ya kuanza siku, mwenye kongosho zima halioni hilo ila mwenye kisukari linamtokea kwenye mashine. Na yupo wa tatu, analala na 9, saa nane usiku yupo 2.9 analowa, anaamka anakunywa soda chupa nzima na maandazi mawili, asubuhi anasoma 15. Watatu wote ukiwapima asubuhi tu utawaona ni wamoja. Wa kwanza ndo huenda akahitaji kuongezewa. Wa tatu ukimuongezea unamuua, na sitaki kulizungusha hilo neno.

Utasikia pia kwa watu kwamba sukari ikishuka sana usiku mwili unairudisha juu wenyewe mpaka inapitiliza. Hiyo aliisema mkemia mmoja Michael Somogyi huko Marekani miaka ya 1930 na imefundishwa muda mrefu. Ni kweli mwili unajitetea, ini linatoa sukari yake ya akiba, ila baadae vilipokuja vile vifaa vya kubandika kwenye ngozi vinavyosoma sukari usiku kucha ikaonekana kwamba mara nyingi aliyeshuka usiku anaamka na sukari ya chini chini, sio ya juu. Kwaiyo kwa mama yako mi naona hizo 15 zimetoka jikoni zaidi. Na sasa ifikirie ile siku ya 4.6 ambayo kaka alifurahi. Inawezekana kabisa ndo usiku ambao mama hakuamka kwenda kula. Yani alishuka, akalala nayo, akaamka nayo chini. Hiyo siku imenitisha kuliko zote za 15 ukiziweka pamoja, maana kuna usiku mwingine mtu hashtuki, hasa aliyeishi na kisukari miaka mingi, dalili zinafifia mwili unaacha kupiga kelele.

Kuhusu hiyo insulini ya maziwa. Ile inaitwa NPH, ni ya tangu miaka ya 1940, bado inatumika sana hospitali zetu kwasababu bei yake inabebeka, na ni dawa nzuri ukiijua tabia yake. Haifanyi kazi sawasawa muda wote. Ukichoma inaanza ndani ya saa moja mpaka mbili hivi, inakua kali kati ya saa ya nne na ya kumi tangu uchome, halafu inafifia. Sasa piga hesabu, ukimchoma saa kumi na mbili na nusu jioni ukali wake unaangukia kuanzia saa nne na nusu usiku mpaka saa kumi na nusu alfajiri, katikati hapo ni saa saba saa nane, mama amelala, tumboni hakuna kitu, na ini bado halijaanza kutoa ile sukari ya alfajiri. Ukimchoma saa nne usiku ukali unasogea, unaanza saa nane unaenda mpaka saa mbili asubuhi, ndo pale pale sukari ya alfajiri inapopanda. Kwasababu hiyo madaktari wengi NPH ya usiku wanaiandika ichomwe wakati wa kulala, sio na chakula cha jioni. Angalia kadi imeandikwaje, na kama haijaandika saa muulize daktari kama anataka iwe saa nne, kwanza hiyo saa nne hata foleni ikiwaje ushafika nyumbani. Cha muhimu iwe saa ile ile kila siku. Leo saa kumi na mbili kesho saa nne ni kama dozi mbili tofauti hata kama yuniti ni zile zile, hapo hakuna atakayeweza kusoma namba za asubuhi akaelewa kitu.

Glibenklamaidi ndo la pili la kumsimamia daktari. Metfomini peke yake haimshushi mtu mpaka hatari, ila glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini iwe umekula au hujakula, na inakaa mwilini muda mrefu, kwa mtu mzima na hasa kama figo zimeanza kuchoka inakaa zaidi. Ikikutana na insulini ya usiku ni dawa mbili zinavuta upande mmoja saa ile ile. Madaktari wengi wanaipunguza au wanaiondoa mgonjwa akianza sindano, mwingine anaiacha kwa sababu zake, kwaiyo msiitoe wenyewe moja kwa moja ila lazima muulize. Na ombeni kipimo cha figo kama hajapimwa karibuni, maana figo dhaifu zinafanya hata insulini yenyewe ichelewe kutoka, dozi iliyokua sawa mwaka jana mwaka huu inakua kubwa bila mtu kuongeza kitu.

Stripu najua bei yake, siwezi kukuambia umpime mama mara nne kila siku. Nakuomba uzihamishe tu. Badala ya kuzimaliza zote asubuhi, chagua usiku mbili au tatu wiki hii, hata zisifuatane, kila usiku huo mpime anapolala, mpime saa tisa usiku, mpime asubuhi kabla ya chai. Weka alamu. Andika kwenye daftari la mtoto hata nyuma, tarehe, saa, namba, alikula nini usiku, alichomwa saa ngapi yuniti ngapi, kama alilowa. Wali sahani nzima na samaki sio sawa na siku anayosema hana hamu anakunywa chai ya rangi, na siku ya namna hiyo ndo ya kuwa macho zaidi. Saa tisa ikisoma chini ya 4 umeshapata jibu, hakuna haja ya kusubiri usiku wa pili, dozi inashuka na kliniki wanapigiwa kesho yake. Saa tisa ikiwa 7 au 8 na asubuhi 14 bila jikoni kuguswa, hapo daktari atafikiria muda au aina ya insulini. Na ikitokea siku moja kweli anahitaji kuongezewa basi ni kidogo kidogo, kawaida yuniti 2 halafu mnatulia angalau siku tatu muone inakaa wapi, kwa maelekezo ya kliniki, na ile namba ya saa tisa mnayo mkononi. Kwa umri wake wala hakuna ulazima wa kukimbiza 5 kila asubuhi, daktari anaweza kabisa kuridhika na 7 au 8 akiamka hana jasho.

Ukimkuta analowa au anaongea maneno hayaeleweki mpime, na kama stripu hakuna usipoteze muda, chukulia imeshuka. Akiwa anaweza kumeza mpe nusu chupa ya soda ya kawaida, ile chupa ya kioo ya 350, isiwe ile isiyo na sukari, au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, mpime tena, kama bado iko chini ya 4 rudia. Ikishapanda ndo umpe andazi moja au mkate. Watu wengi wanaanza na andazi au chapati, chakula cha mafuta kinachelewa kupandisha sukari, soda kwanza. Hiyo soda ikae kitandani kwake na kifuniko kimelegezwa, asilazimike kutembea gizani mpaka jikoni akaanguka, na akishajua ipo pale na hakuna atakayemuuliza hatamaliza chupa nzima na maandazi mawili, atakunywa nusu atakuita. Akiwa hajitambui au hawezi kumeza usimmiminie chochote mdomoni, mlaze ubavu, tafuta bajaji au gari la jirani muende hospitali ya karibu saa ile ile, akiwekewa dripu ya sukari wengi wanaamka hapo hapo. Na kwasababu ya vile vidonge vidogo, hata akiamka akiwa mzima madaktari wanaweza kutaka abaki wamwangalie, msikatae, inaweza kushuka tena baada ya masaa.

Haya, kuchoma. Usiitikise ile dawa mpaka ikatoa povu, ilaze kati ya viganja uiviringishe taratibu kama mara 20 na uipindue juu chini mpaka weupe uenee hauoni tabaka chini. Isipochanganyika vizuri leo unavuta maji maji kesho unavuta nzito, yuniti 16 za leo sio 16 za kesho. Na hicho kinundu achana nacho. Hapaumi kwasababu nyama imeshakua ngumu, na dawa ikiingia hapo inanyonywa vibaya, siku nyingine inachelewa siku nyingine inaachiwa kwa mpigo, huenda hata kilichomfanya kaka aone dozi haitoshi kimeanzia hapo. Hama kila siku, paja la kushoto, la kulia sehemu nyingine, upana wa vidole viwili kutoka ulipochoma jana. Ila zingatia sana hili, ukihamia sehemu mpya dawa ile ile inaweza kufanya kazi kwa nguvu kuliko ulivyozoea, kwaiyo ni sababu nyingine ya kutoanza sehemu mpya na yuniti 24. Mweleze nesi kuhusu kinundu kabla hamjahama.

Jirani msimkwaze, amesema kwa mapenzi. Shehe akija kumsomea mama dua karibu, dua haina madhara, ila ile saa anayolowa mnapima kwanza. Na mwezi wa Ramadhani ukikaribia kama mama ana nia ya kufunga mpelekeni kliniki mapema kabla mwezi haujaandama, kwa hali hii ya sasa mi nisingemruhusu.

Kliniki foleni ni ndefu na kwa daktari unapata dakika chache, usianze na "sukari inapanda asubuhi" maana ataongeza dozi amalize haraka aite mwingine. Anza hivi, "Daktari, mama analowa jasho usiku na anaamka kula, insulini tulipandisha wenyewe kutoka 16 mpaka 24, na bado anameza glibenklamaidi." Msifiche hilo la kupandisha, wagomvi wapo lakini bila kulijua hawezi kupanga dozi. Halafu mpe daftari.